Wacheza triki-traki wa Duyster na onyo lisiloonekana

Katika National Gallery ya London kuna picha ya mchoraji Willem Duyster wa Amsterdam, iliyochorwa yapata mwaka 1625 hadi 1630, ambamo wanaume wawili wanacheza triki-traki, mchezo wa ubao, kete na dadu, huku mwanamke akiwawekea hesabu ya alama. Tangu maonyesho ya mwaka 1976 ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, yaliyoandaliwa na mwanahistoria wa sanaa Eddy de Jongh na wenzake, picha za aina hii zimezoeleka kusomwa kama mafumbo: mchezo ni uvivu, dadu ni bahati isiyoaminika, na mwanamke aliye kando ya meza ni kishawishi.

Usomaji huo una misingi yake. Waholanzi wa karne ya 17 walivipenda vitabu vya mafumbo vya mshairi Jacob Cats, vyenye picha na mafunzo ya maadili, na mchoraji Jan Steen, katika picha yake ya ugomvi wa karata iliyoko Berlin, aliutupa ubao wa mchezo sakafuni na kuwaonyesha watu wakichomoa silaha.

Lakini Steen huyohuyo ndiye anayenitia shaka. Mchoraji aliyetaka kuonya alijua namna ya kuonya, ilhali Duyster hakuangusha kitu. Wachezaji wake wametulia mchezoni, na mwanamke anayeshukiwa ndiye mtunza hesabu, yaani yule ambaye wapinzani wote wawili wamemwamini kwamba hatampendelea yeyote. Bidii ya mchoraji imeelekea kwenye nguo, kwa namna kitambaa cha atlasi kinavyopokea mwanga katika kila mkunjo. Mwanahistoria wa sanaa Svetlana Alpers, aliyedai mwaka 1983 kwamba sanaa ya Waholanzi ilikuwa kwanza sanaa ya kueleza kinachoonekana, alipitiliza, kwa kuwa yupo Steen aliyeonya waziwazi. Kwa Duyster, naona alisema kweli.

Tena kuna suala la soko. Wanahistoria hukadiria kwamba karne ile ilizalisha picha milioni 5 au zaidi katika Jamhuri ya Uholanzi, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo mafundi na wenye maduka. Hata tukiligawa kadirio hilo nusu kwa nusu, je, inaaminika kwamba familia hizo zote zilijaza kuta zao makaripio ya kutazamwa kila jioni, mwaka hadi mwaka? Nadhani wengi walilipia raha ya kutazama. Anayedai kuna onyo katika picha ya London alionyeshe ndani ya picha yenyewe, si katika kurasa za Cats. Mwanamke anayehesabu alama hatoshi kuwa ushahidi.