Nimeajiriwa Kufungua Geti, Nimekuwa Mkemia

Makubaliano yetu na bosi yalikuwa geti, bustani na mbwa. Basi. Bwawa la kuogelea lilikuja baadaye, baada ya jirani kuchimba la kwake. Huku Mbezi Beach mtu hawezi kulala jirani akiwa na bwawa yeye hana.

Fundi alipomaliza kazi akaniita pembeni, akanikabidhi kiboksi chenye vichupa viwili vya dawa ya kupimia maji na vijirija viwili. "Kila asubuhi pima. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita; pH, yaani uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8." Akapanda bodaboda, huyooo. Mshahara wa ukemia hakuutaja.

Sasa nikueleze asubuhi yangu. Unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, mbali na pale maji ya pampu yanapoingilia, unateka. Unadondosha matone matano huku, matano kule, unatikisa. Upande wa klorini unageuka njano, upande wa pH mwekundu. Yaani jogoo hajawika vizuri mimi nimeshika dabi ya Kariakoo mkononi! Halafu eti uangalie ni njano ipi: njano ya 1, njano ya 1.5 au njano ya 3. Mimi njano naijua moja tu, ya Yanga. Na klorini ikizidi kupita kiasi, ule wekundu unageuka zambarau. Zambarau nayo ni timu gani?

Lakini hayo yote navumilia. Kinachonimaliza ni Jumapili.

Jumapili wageni wa mama mwenye nyumba wanakuja na watoto wao, wanaruka humo na jasho lao la barabarani. Ikifika saa kumi shangazi mtu ameziba pua kwa kanga: "We kijana, mbona umejaza dawa hivi? Inanuka mpaka getini! Watoto macho yamewaiva!"

Dawa ikitosha wala hainuki hivyo. Kinachonuka ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo, hapo ndipo inazaliwa kloramini, na hiyo ndiyo inayowasha macho. Maji yakinuka namna ile ujue dawa imezidiwa, inatakiwa iongezwe. Haya, nimwambieje shangazi? "Shikamoo shangazi, hiyo harufu ni wajukuu zako"? Kazi ninaipenda. Nikainamisha kichwa, nikasema samahani.

Usiku wageni wakiondoka, naanza kurekebisha. Bwawa ni mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu, kwa hiyo humo mna lita 75,000. Kupandisha klorini kwa 1 tu, ile ya unga ya asilimia 65 inataka kama gramu 115. Kuua ile harufu inabidi uipandishe mpaka 10 hivi, zaidi ya kilo hiyo, na asubuhi asiingie mtu mpaka ishuke. Bosi akiona kilo nzima inamwagwa anashika kiuno.

"Dawa inaisha haraka sana. Hakuna mtu unamuuzia?"

Jamani! Jua la Dar linaila klorini. Bila ile asidi ya saianuriki ya kuikinga, unayoweka asubuhi hadi jioni unaipungia mkono. Mwizi ni jua, lakini jua haliitwi sebuleni kujieleza.

Na kuna mdogo wake bosi, yeye anajua kila kitu. Juzi kaja na asidi ya kushushia pH, anataka kuimimina kwenye ndoo ya klorini, eti tuokoe muda. Nilimpora kopo kwa mikono miwili! Vitu hivyo vikikutana vinatoa gesi ya kuua mtu. Vinatunzwa mbalimbali, na unga unautia ndani ya maji, siyo maji juu ya unga. Amenuna mpaka leo, anasema simheshimu.

Nilimwomba mama kwamba watoto wawe wanaoga kwanza kwenye bomba la nje. Akasema wameshaoga nyumbani. Basi nikabandika karatasi ukutani, herufi kubwa: CHOO KIKO KULIA.

Jumapili hii mtoto mmoja ameisoma kwa sauti, bila kukosea hata herufi, maji yakiwa yamemfika kifuani, ametulia tuli, hatikisiki.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nishamaliza."