Miaka 17: bado utarefuka ao imeisha?

Mutoto mwanaume wa dada yangu eko na miaka 17, tunaishi naye hapa Goma, nyumba ya mbao, na ku mbao ya karibu na mulango wa jikoni kuko mistari ya makala ile mama yake anachora tangu mutoto yuko na miaka 9. Ya mwisho iko mita 1,63. Mwezi uliopita alijipima asubui mapema akapata 1,64 na kitu, akakuja kuniamsha mbio, mangaribi akarudilia kupima, 1,63 tena, akakasirikia mbao. Nilicheka, lakini kumbe alikuwa ameisha kulipa dola 25 kwa kijana moja anauzisha kapsuli za kurefusha ku status ya WhatsApp, na ule kijana njo alimwambia apime asubui. Eko na akili ule.

Juu asubui kila mutu ni murefu kidogo, wewe, mimi, hata koko mwenye miaka 80. Katikati ya mifupa ya mugongo kuko vitu laini sawa éponge, usiku vinajaa maji, mchana ukisimama na kubeba vinakandamizwa, unapoteza kama santimetre moja na zaidi. Kapsuli haiko na kazi hapo. Na kuninginia ku chuma ni ile ile, unajinyoosha, kisha saa chache unarudia ku kimo yako.

Sasa tuache kapsuli, juu swali yenyewe haiko ya kijinga. Ku kila tereni ya basketi utakuta batu babili banabishana, moja anasema kisha miaka 16 kitabu imefungwa, mwingine anaapa mutu anarefuka mupaka 25.

Ule wa kitabu kufungwa eko na haki kubwa. Mufupa murefu unakulia ku mwisho yake, kwenye kuko kartilaji, kitu laini yenye haijakuwa mufupa, na hiyo kartilaji ikiisha kugeuka mufupa hakuna dawa, hakuna sport, hakuna maziwa itaifungua. Kinachofunga ni homoni ya estrojeni, ile banaita ya wanawake, hata kwa wanaume, ndiyo, kwa wanaume pia. Mwaka 1994 banganga ba Marekani balieleza mambo ya mwanaume moja wa miaka 28, murefu wa 2,04, mwenye alikuwa akingali anarefuka, juu mwili yake haikuwa inasikia estrojeni, mifupa ilikuwa ingali sawa ya kijana wa miaka 15. Kwa mabinti mbio kubwa ya kurefuka inapita karibu na miaka 12, na kisha kuona mwezi mara ya kwanza inabakia kama santimetre 5 ao 7 tu, kwa hiyo binti wa 17 mwenye alianza ku 12, mi naona aambiwe ukweli, amefika. Vijana, mbio yao iko karibu na 14, mutu anaweza pata santimetre 9 ao 10 mu mwaka moja, na wengi ku 17 ao 18 bamebakiza kidogo sana.

Tena kuko wazazi. Banganga bako na hesabu moja rahisi: jumlisha urefu wa baba na wa mama, kwa mvulana ongeza santimetre 13, kwa binti toa 13, gawa kwa mbili. Wetu baba ni 1,68, mama 1,57, inatoa 1,69, na hiyo inaweza panda ao shuka santimetre 8 hivi bila shida yoyote. Kwa hiyo 1,63 haiko ugonjwa.

Lakini hapa njo naanza kumusikiliza ule wa pili. Hiyo hesabu inazania wazazi balikula vizuri bakiwa batoto. Na miaka ya ku karatasi haiko miaka ya mifupa. Huyu wetu sauti yake imebadilika mwaka jana tu, ndevu hakuna hata moja, wakati mwenzake wa darasa moja ananyoa tangu 15. Ule mwenye ndevu alikuwa murefu mbele ya wote na sasa amesimama, huyu angali ndani ya mwendo. Alikuwa na miaka 4 wakati tulikimbia vita ya Rutshuru mu 2012, tukalala ku kambi ya Kanyaruchinya, unga kidogo, maralia, kuhara. Njaa na magonjwa vinafupisha, lakini pia vinachelewesha, na kuchelewa maana yake mulango wa kukua unafungwa kwa kuchelewa. Kongo nzima iko hivyo: uchunguzi wa 2013-14 ulikuta 43% ya batoto ba chini ya miaka 5 bafupi kupita umri yao.

Historia inaunga mukono. Batoto ba watumwa kule Marekani, karne ya 19, urefu yao iliandikwa ku karatasi za meli, balikuwa bafupi ya kutisha, lakini wakubwa bao balikaribia sana wazungu. Juu ya nini? Bwana wao alianza kubalisha vizuri siku balianza kufanya kazi shambani. Sababu ya uchafu, lakini inaonyesha mwili unaweza kukomboa kitu hata mu miaka ya ujana. Kitu, siyo yote. Ile iliyopotea mbele ya miaka 2 hairudi yote, na mi sitadanganya mutu hapo.

Vijana bananijibu na Dennis Rodman, muchezaji wa basketi wa Marekani, mwenye alipanda sana kisha kumaliza sekondari mupaka 2,01. Kweli, lakini ni moja kati ya mamilioni. Ao Jonathan Kuminga, naye muchezaji wa basketi, alizaliwa hapa hapa Goma mu 2002, basi banasema basketi ilimurefusha. Basketi inachagua barefu, haibatengenezi.

Na wazee banasema bidoni ya maji na chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo, vinafupisha mutoto. Muzigo peke yake haufungi mufupa, isipokuwa mutoto aumie pale ku kartilaji. Lakini mutoto mwenye anapandisha bidoni za litre 20 toka ziwa kila siku na kulala na chai tupu, chakula yote inaishia ku kubeba. Wazee habakukosea sana.

Kenye kinaniogopesha ni farmasi. Deksametazoni, ile vijana banameza juu banone, inapunguza kukua. Sindano za testosteroni, homoni ya wanaume, za kutafuta misuli, mwili inageuza sehemu kuwa estrojeni, na unafunga mwenyewe mulango uliokuwa wazi. Afazali radio, picha ya mifupa, ya mukono wa kushoto, munganga analinganisha mifupa na kitabu ya Greulich na Pyle, yenye picha za mifupa ya kila umri, ingawa picha za kile kitabu ni za batoto ba matajiri ba Cleveland, miaka karibu 90 imepita, kwa hiyo isomwe na mutu mwenye anajua hiyo. Na kijana mwenye amefika 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, huyo asingoje, aonwe.

Wetu mi naona bado eko na santimetre 3, labda 5. Dola 25 muuzaji amekatala kurudisha. Sasa tunanunua sambaza, samaki ndogo za ziwa, tunakula na mifupa yake, na mayai wakati franga iko, na simu inazimwa saa tatu usiku, hapo njo kuko makelele kila siku. Mama yake amesema hatachora mustari mwingine mbele ya mwezi wa kumi na mbili, na atapima mangaribi.