Yuriko Oyama ana baba yake, mrudishieni

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kushinda kwangu. Ana miaka 14 na filamu za zamani hajaziona, basi tukaweka ile ya pili ya X-Men, ya mwaka 2003. Tulipofika kule maabara chini ya bwawa, pale yule dada anapoalisha vidole na makucha kumi yanachomoka, mtoto akaruka kwenye kochi. "Shangazi! Kumbe kuna Wolverine wa kike!"

Wolverine ni yule shujaa wa X-Men mwenye makucha ya chuma mikononi. Mtoto simlaumu. Filamu yenyewe ndiyo iliyomfundisha hivyo. Lakini neno lile lilinikaa kooni siku nzima, na leo nimeamua kulitoa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno, tena kwa watu wazima wanaojua kila kitu kuhusu hawa mashujaa. Lady Deathstrike ni Wolverine wa kike. Lady Deathstrike ni makucha. Basi, yameisha.

Yuriko Oyama, ndilo jina halisi la Lady Deathstrike, si nakala ya mtu. Ni binti mwenye kesi, na kesi yake ina msingi.

Tuanze na hiyo filamu, maana ndiyo iliyomharibia jina kwa watu wengi. Kelly Hu amecheza vizuri kwa alichopewa, na alichopewa ni kusimama nyuma ya Stryker, yule mwenye maabara, kupiga watu na kunyamaza. Stryker anamdondoshea matone kisogoni, naye anabaki mtiifu. Matone hayo yanatoka kwa nani? Kwa mwana wa Stryker mwenyewe, mtoto aliyegeuzwa chombo na baba yake. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilisimamisha filamu. Humo ndani yumo baba aliyemfanya mwanawe silaha. Na pembeni yake amesimama mwanamke ambaye, kwenye vitabu vya katuni, maisha yake yote ni habari ya baba aliyewafanya wanawe silaha. Wamewaweka chumba kimoja, kisha filamu haikusema lolote. Yuriko anakufa kwa kujazwa chuma cha moto mwilini, kinamtoka machoni na mdomoni, anazama kwenye tangi, na mtu aliyewaumiza yeye na Wolverine wote wawili kwa wakati huo anajiondokea zake. Hatukuambiwa hata alikuwa nani kabla ya matone.

Nakumbuka mara yangu ya kwanza kuiona. Nilikuwa darasa la sita, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, madirisha yamezibwa kwa magunia, benchi moja tunakaa saba. Filamu ilikuwa na sauti ya mtafsiri juu yake, na yule mtafsiri alikuwa na tatizo: mwanamke huyu haongei, na yeye kazi yake ni kuongea. Basi akamtungia maneno. Makucha yalipotoka, sauti ikasema, "Wewe ndiye uliyemdhulumu baba yangu. Leo utanilipa." Kibanda kizima kikanyamaza. Mpaka hapo tulikuwa upande wa steringi, lakini ghafla tukawa tunataka kujua. Baba yake alifanywa nini?

Mtafsiri alibahatisha tu. Sidhani kama aliwahi kushika kitabu chochote cha X-Men. Lakini masikio yake yalisikia pengo, akalijaza kwa kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote wa kwetu angekifikiria: mtu hapigani namna hii bila sababu, na sababu kubwa kama hii lazima iwe ya damu. Miaka mingi baadaye nilipokuta toleo la 205 la Uncanny X-Men kwa muuza vitabu vya mtumba, halina jalada, kurasa zimepauka, nilisoma nimechuchumaa pale pale kando ya barabara. Mtafsiri wa kibandani alikuwa amekaribia ukweli kuliko waandishi wa Hollywood.

Sasa sikilizeni habari yenyewe.

Yuriko anaingia mara ya kwanza mwaka 1983, kwenye Daredevil toleo la 197, hadithi iliyoandikwa na Dennis O'Neil. Hana makucha, hana chuma. Ni msichana mwenye kovu usoni. Baba yake, Kenji Oyama, anayejiita Lord Dark Wind, alikuwa rubani wa kamikaze katika Vita Kuu ya Pili, akashindwa kufa. Aibu hiyo aliibeba, na haikumtosha kuibeba peke yake. Akawachana nyuso watoto wake, Yuriko na kaka zake wawili. Si chale za dawa wala za ukoo, ni aibu yake mwenyewe iliyochorwa kwenye ngozi za wengine. Kaka zake wakafa wakimtumikia baba huyo huyo.

Na Dark Wind ndiye mgunduzi. Yeye ndiye aliyebuni njia ya kuunganisha adamantiamu, chuma kisichovunjika, na mifupa ya mtu aliye hai. Wolverine, kijana wetu mpendwa, anatembea na ugunduzi wa mzee Oyama ndani ya mwili wake, kwa sababu maandishi ya utafiti ule yaliibiwa.

Daredevil, shujaa mwenye kitabu hicho, anapofika Japani akimfuata muuaji Bullseye, ambaye mzee amemtengeneza mifupa ili amtumie kuua, Yuriko ndiye anayempeleka. Kisha anafanya jambo zito kuliko yote: anamuua baba yake kwa mkono wake, wakati mzee anataka kummaliza Daredevil. Anataka kuwa huru. Yuko kijana anayempenda, Kira, mmoja wa wafuasi wa baba. Amemkomboa na yeye, ndivyo anavyodhani. Lakini Kira hawezi kuishi bila bwana wake. Anajiua.

Hapo msichana amebaki na nini? Kaka hana, baba amemuua, mchumba amekufa kwa sababu baba amekufa. Uhuru ameupata na hauna mtu ndani yake. Ndipo anapogeuka na kuushika ule ule mti uliomchoma. Anavaa heshima ya baba. Anachukua jina la Lady Deathstrike, anakwenda Kanada mwaka 1986 kwenye Alpha Flight, kitabu cha mashujaa wa Kanada, anamtafuta Wolverine adai kilicho ndani ya mwili wake. Kwa lugha ya nyumbani, Yuriko anadai mirathi.

Watu wengi hapa ndipo wanaponipotea. "Si alimuua mwenyewe? Sasa anamlilia nini?" Mtu anayeuliza hivyo hajawahi kukaa na watu.

Mtaani nilikokulia kulikuwa na mama mmoja, sisi watoto tukimwita bibi ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Baba yake alimfukuza nyumbani akiwa na miaka 16, usiku, na nguo alizovaa tu. Hakumsamehe, na alisema wazi kwamba hakumsamehe. Mazishini hakwenda. Lakini shamba la mzee lilipouzwa na watu wasiohusika, ni yeye aliyefungua kesi, si wale kaka zake waliolelewa vizuri. Miaka saba. Kila siku ya kesi tulimwona anapita alfajiri na mfuko wa rambo wenye karatasi, ameufunga mdomo kwa kamba ya katani, ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mama yangu alimuuliza siku moja, kwa nini unajitesa kwa ajili ya mtu yule? Akajibu, "Mama Neema, alinifukuza yeye. Hawa hawakunizaa."

Sijawahi kusoma maelezo bora zaidi ya Lady Deathstrike.

Na sasa tuje kwenye mikono, maana ndiyo watu wanayoitazama. Katika toleo la 205, la Chris Claremont na Barry Windsor-Smith, Yuriko amekwenda kwa Spiral, yule mwanamke wa mikono sita, akakubali kukatwa na kuundwa upya. Vidole vyote kumi vikawa makucha ya adamantiamu, kila kimoja urefu wa rula ya shule. Wolverine ana sita, naye hakuchagua. Waliomteka wakamjaza chuma walifanya hivyo kwa nguvu, na mwaka 1991 Windsor-Smith huyo huyo alituonyesha jinsi walivyomfanya. Yuriko alilala mwenyewe mezani. Baba alimkata usoni mara moja. Binti akaenda akamalizia kazi, mwili mzima, kwa ile ile elimu ya baba. Ukimtazama na mikono ile unatazama urithi alioudai, amejivisha. Windsor-Smith anamchora nyaya na viungo vikiwa nje, na huoni nguvu hapo, unaona mtu aliyechanwa na hakushonwa.

Theluji inaanguka New York. Wolverine amejeruhiwa, akili imemtoka, amebaki kama mnyama, na anayemwona ni mtoto Katie Power, wa miaka mitano. Mwishoni Wolverine anamshinda Yuriko, na Yuriko anamwomba amuue. Anakataa. Yeye aliyefanywa mnyama bila ridhaa anapigana kila siku abaki mtu, na mbele yake amelala mtu aliyeutupa utu wake kwa hiari. Anamwacha aishi nao. Nilipofika hapo muuza vitabu aliniuliza kama nanunua au nasoma bure. Nilinunua.

Nikubali basi, ingawa sipendi: kesi ya Yuriko ina msingi lakini mshtakiwa siye. Wolverine hakuiba kitu. Waliomuibia mzee Oyama ndio hao hao, au ndugu zao, waliomtesa Wolverine. Lakini hilo halimpunguzii Yuriko uzito, linauongeza! Waliodhulumiwa na mkono mmoja wanachinjana wao kwa wao miaka nenda miaka rudi, na mwenye mkono hayupo. Mpaka mwaka 1989, kwenye toleo la 251, Yuriko yumo katika genge la Reavers linalomtundika Wolverine msalabani katika jangwa la Australia. Ukurasa huo unaumiza pande zote mbili ukijua habari za huyu dada. Usipojua, unaona majambazi tu.

Nikubali na la pili. Waandishi wa Marekani wa miaka ile walikuwa na Japani yao ya kichwani, upanga, aibu, heshima, kamikaze, na Yuriko amezaliwa humo. Ni kweli, na inachosha. Dawa yake ni kumwandikia zaidi, mumpe mambo mengine ya kupenda na kuchukia, si kumnyang'anya hata hicho kidogo alichokuwa nacho.

Wenzake wenye mikono ya silaha wametendewa vingine. KGBeast, adui wa Batman kwenye vitabu vya kampuni ya DC, mwaka 1988 alijikata mkono kwa shoka ili amponyoke Batman, kisha akaweka bunduki mahali pake. Huyo waandishi walimtaka awe tishio tu na tishio amekuwa, sina ugomvi naye. Winter Soldier ndiye anayeniuma. Bucky, ndilo jina lake, alirudishwa mwaka 2005 na Ed Brubaker na Steve Epting, mkono wa kushoto chuma, kumbukumbu zimefutwa, anatumwa kuua. Mwaka 2014 akapata filamu yenye jina lake, watazamaji wakamlilia, na walifanya vema kumlilia. Lakini mtazameni Yuriko wa 2003: naye amefutwa akili, naye anatumwa kuua, naye mikono si yake. Ni hadithi ile ile. Yeye alipewa tangi la kuzamia. Na aliporudi 2024 kwenye filamu ya Deadpool na Wolverine, amechezwa na mwigizaji mwingine, amesimama tena katika kundi la mtu mwingine, hana la kusema.

Sidai apewe msamaha. Ameua watu wengi, tena kwa malipo, na akiingia chumbani siombi nikutwe humo. Ninachodai ni kovu lake, kaka zake wawili, Kira, na yule mzee. Hata dakika nne tu za filamu zingetosha.

Haya yote nilimwambia mtoto wa kaka yangu Jumapili ile ile, si kwa mpangilio huu, chai ikipoa mezani. Alinisikiliza zaidi ya nilivyotegemea. Nilipomaliza hakusema kitu. Alichukua rimoti, akarudisha nyuma mpaka pale kabla ya makucha kutoka, akasimamisha picha kwenye uso wa Yuriko, akasogea karibu na runinga hadi pua inakaribia kugusa kioo.

"Shangazi," akasema, "mbona kovu silioni?"