Shahada isiyo na jina la kazi

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, kapata daraja la kwanza, na anataka kusoma shahada ya hisabati. Hataki uhandisi wala ualimu wa hisabati. Anataka hisabati yenyewe, miaka mitatu. Baba yake, shemeji yangu, kanipigia simu mara mbili wiki hii. Swali lake ni moja, na analiuliza kwa uchungu wa mtu aliyeuza ng'ombe ili mtoto akae bweni: "Akimaliza ataitwa nani?"

Aliyesoma uhandisi anaitwa mhandisi, aliyesoma uhasibu anaitwa mhasibu. Aliyesoma hisabati hana jina la kazi. Shahada hiyo nimeisoma mwenyewe, kwa hiyo swali la shemeji nimeishi nalo, na siwezi kumjibu kwa maneno ya siku ya mahafali.

Upande wake una nguvu kuliko sisi wa hesabu tunavyopenda kukiri. Mwenye shahada ya hisabati tupu akitaka kufundisha sekondari anarudi chuo mwaka mzima kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, kwa ada yake. Mwenzake aliyesoma sayansi pamoja na elimu anatoka chuoni akiwa mwalimu tayari. Jambo hili linauma zaidi ukitazama shule zetu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban asilimia 20. Somo linalia kwa kukosa walimu, na wahitimu wa somo hilo hilo wako mtaani. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja: kujua hesabu na kujua kufundisha ni vitu viwili, na kila mmoja wetu anamkumbuka mwalimu aliyejaza ubao, akafuta, akajaza tena, akaondoka na darasa zima likabaki gizani. Nakubali. Ila mwaka mmoja zaidi wa ada, kwa kijana ambaye wadogo zake wanamsubiri amalize ili na wao wasome, ni mrefu sana.

Kwenye benki na bima hali ni nafuu kidogo. Watu wa hesabu wanaajiriwa, lakini tangazo litataja takwimu, takwimu bima (hesabu za kukadiria hatari na malipo ya bima), uchumi au kompyuta, na wewe itabidi ueleze kwenye barua yako kwamba unayaweza hayo. Wengine hawapati hata nafasi ya kueleza.

Sasa upande wa pili, ambao hauelezeki kwa kutaja vyeo.

Muhula wa kwanza tulipewa mfuatano mwepesi kuliko yote: 1, nusu, theluthi, robo, na kuendelea bila kikomo. Kila mtu anaona namba hizo zinaisogelea sifuri. Swali lilisema: thibitisha. Nilikuwa na A ya kidato cha sita, na kwenye jaribio la kwanza la somo lile nilipata 4 kati ya 20. Kukokotoa nilikuwa najua. Kuthibitisha sikuwahi kufundishwa, na sidhani kama nilijua kwamba ni kitu kingine.

Kaka mmoja wa mwaka wa pili alitukalisha chini ya mwembe nyuma ya bweni akatueleza kwa Kiswahili. Akasema, huu ni ubishani wa watu wawili. Wewe nitajie umbali wowote kutoka sifuri, uwe mdogo unavyotaka. Mimi nitakutajia hatua, na baada ya hatua hiyo namba zote zitakuwa ndani ya umbali wako. Ukisema 0.001, nakujibu 1,000. Ukisema 0.000001, nakujibu 1,000,000. Kisha akauliza: je, naweza kukutajia hatua kwanza, kabla hujafungua mdomo, ikafaa kwa umbali wowote utakaoutaja? Tukanyamaza. Haiwezekani. "Kila mtoto ana mama" ni kweli, akasema. "Kuna mama mmoja wa watoto wote" je? Maneno ni karibu yale yale, yamehama tu mahali, na ukweli umeondoka.

Kosa hilo si la wanafunzi peke yao. Mwaka 1821 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile, aliandika katika kitabu chake cha kufundishia kwamba ukijumlisha mfululizo usio na mwisho wa fankisheni zisizokatika, yaani zile ambazo mchoro wake hauna mahali unapokatika, na jumla ikapatikana, basi jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel, kijana wa Norway, akaonyesha kwamba kauli hiyo ina vighairi. Kilichomponyoka Cauchy ni mpangilio ule ule wa chini ya mwembe: kila nukta ina hatua yake, lakini huenda isiwepo hatua moja ya kutosha nukta zote. Wanahisabati walihitaji miongo kadhaa kulinyoosha jambo hilo.

Hiki ndicho shahada hii inachouza. Kazini kwangu niliwahi kupewa maelezo ya mfumo wa malipo yaliyosema kila malipo yawe na namba ya risiti. Hayakusema popote kwamba kila namba ya risiti iwe ya malipo mamoja. Wenzangu wenye uzoefu kunizidi waliyapitisha. Mimi niliona pengo kabla sijamaliza kusoma sentensi, na si kwa sababu nina akili kuwazidi. Ni kwamba kwa miaka mitatu sikufanya kitu kingine ila kutafuta mapengo ya aina hiyo.

Lakini hapa ndipo lazima nimrudie shemeji, kwa sababu wengi wanapitia shahada hii bila kukipata kitu hicho. Mtihani wa chuo unaweza kuufaulu kwa madesa, yaani notsi za kukariri, na karatasi za miaka iliyopita. Uthibitisho wa nusu ukurasa unakaririwa kama shairi, unatapikwa kwenye karatasi, unasahaulika kabla ya likizo. Nimekaa dawati moja na watu waliofanya hivyo mpaka wakavaa joho. Hao ndio anaowaogopa baba wa mpwa wangu, na ana haki: hawana jina la kazi, na hawana ile akili ambayo ingefidia jina.

Lugha imechangia, kwa maoni yangu kuliko tunavyosema. Mihadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na mwanafunzi asiyeielewa sentensi hana njia ila kuikariri. Sikuielewa hatua na umbali mpaka nilipoambiwa kwa lugha ninayobishania mpira. Anayesema Kiingereza ndicho kinachofungua vitabu na ufadhili yuko sahihi pia. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ina kituo Kigali, inafadhili shahada ya uzamili, na huko hutaingia na Kiswahili pekee. Basi soma kwa Kiingereza, lakini bishana kwa Kiswahili.

Na njia huwa zinapatikana. Karim Hirji alisoma hisabati Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaishia kuwa profesa wa takwimu za tiba katika chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Ila njia kama hiyo hujengwa taratibu, na nyumba isiyo na akiba haiwezi kuisubiri. Ndiyo maana, kijana akiniambia wazazi wake wanamtegemea mara tu akimaliza, namshauri achukue hisabati na elimu bila kuona haya. Akiwa na miaka miwili ya kuvumilia, na yuko tayari kujifunza takwimu na kuandika programu pembeni, namwambia achukue hisabati.

Mpwa wangu nilimpa zile sentensi mbili za mama na watoto, nikamwambia aniletee mfano wake. Sikumwekea muda. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Kila kufuli lina ufunguo wake. Haimaanishi kuna ufunguo malaya."

Jioni yake tulikaa watatu na shemeji kujaza maombi. Chaguo la kwanza, hisabati. La pili akaandika baba yake kwa mkono wake: sayansi na elimu.