Kabla hujamcheka Mangungo, lete mkataba wako tuusome

Wakuu habari za Jumapili. Jana nimesaini mkataba wa nyumba hapa Roma, chumba na sebule tu huku Tor Pignattara, imechukua lisaa limoja na nusu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, kavaa miwani ya kamba, kanikalisha mezani akaanza kusoma kifungu kwa kifungu kwa sauti, neno nisilolielewa anasimama anaanza upya kwa Kitaliano cha kawaida. Mi nina shifti saa nane mchana, nikamwambia mama nipe tu kalamu nisaini, akaichukua kalamu akaiweka mapajani kwake. Kwanza uelewe, ndo akasema. Nilikasirika kweli, nilijua nachelewa kazini.

Nimepanda basi kwenda Termini hasira bado ninayo ila ikaanza kuhama, ikamhamia mwingine kabisa. Nikamkumbuka mdogo wangu na pikipiki yake ya mkataba.

Dogo alipewa pikipiki, hesabu elfu kumi kila siku, mwaka ukiisha chombo ni chako. Karatasi tatu, Kiingereza kitupu, na dogo kaishia la saba. Jamaa aliyempa akamwambia kwa mdomo ukikwama tutaongea, we saini hapa, hapa na hapa. Mwezi wa kumi na moja akaugua malaria siku nne hakuleta hesabu, siku ya tano wakaja wakaichukua. Aliponitumia picha za zile karatasi WhatsApp nikasoma ukurasa wa pili pale chini, imeandikwa wazi kwamba akikosa siku tatu wanachukua chombo bila taarifa na hakuna kinachorudishwa. Miezi kumi na moja ya jua na vumbi, imekwisha. Na hiyo "tutaongea" haipo popote kwenye karatasi.

Sasa pale Termini nikishuka basi nashukia kwenye uwanja unaitwa Piazza dei Cinquecento, yani uwanja wa mia tano. Nimepita hapo miaka minne siulizi, watu wanaburuta mabegi, vijana wetu wamekaa, mi napita zangu. Hao mia tano ni askari wa Italia waliopigwa na Ras Alula, jemadari wa Ethiopia, pale Dogali mwaka 1887. Kituo kikubwa kabisa cha treni cha mji huu mbele yake pana jina la kipigo walichopewa na Wahabeshi! Nilipojua nikasimama pale kifua mbele kama vile Dogali nilikuwepo.

Ila kilichonishika zaidi kuliko vita ni karatasi. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik, mfalme wa Ethiopia, alisaini mkataba wa urafiki na Italia, pale Wuchale. Nakala mbili, Kiamhara na Kitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kinasema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia akitaka kuwasiliana na mataifa mengine. Kwa Kitaliano kinasema anakubali kuitumia, yani amejifunga, na Italia ikatangaza kwa mataifa yote kwamba Ethiopia iko chini yake. Neno moja hilo wakuu, neno moja tu! Menelik akaja kushtuka alipoandika barua Ulaya kuwapa taarifa ya kutawazwa kwake, akajibiwa apitishie mambo yake Italia.

Akafanya nini? Alikuwa na nakala yake kwa lugha yake. Akaitoa akasema mi nimesaini hii, hilo lenu silijui. Akabishana nao kwa barua, 1893 akaukana mkataba mzima, mwisho wakakutana vitani Adwa tarehe 1 Machi 1896, Waitaliano wakapigwa kipigo ambacho dunia nzima inakijua. Halafu Oktoba 26 mwaka huohuo wakasaini amani Addis Ababa. Wuchale ikafutwa moja kwa moja, Italia ikakiri Ethiopia ni nchi huru bila masharti, gharama za kuwatunza mateka ikakubali kulipa. Na safari hii mkataba umeandikwa Kiamhara na Kifaransa na ndani yake mnakubaliana kabisa kwamba nakala zote mbili zinasema kitu kimoja. Mi napapenda hapo kuliko sehemu yoyote. Mtu kaumwa na nyoka, safari hii anakagua shimo.

Najua kuna watakaosema Menelik alikuwa na bunduki bwana, usitudanganye na lugha. Ni kweli alikuwa na bunduki nyingi sana na jeshi kubwa, bila hiyo ile nakala ya Kiamhara wangeifungia maandazi. Na ni kweli pia Eritrea aliwaachia, na ni kweli Waitaliano walirudi 1935 na gesi ya sumu. Sijasema karatasi inazuia ndege. Nasema angalau alijua alichosaini na alichodhulumiwa, akawa na pa kuanzia kubisha.

Mangungo wetu, yule chifu wa Msovero huko Kilosa, hakuwa na pa kuanzia. Tarehe 29 Novemba 1884 pale Msovero, Mjerumani Carl Peters kaja na karatasi ya Kijerumani inasema urafiki wa milele, chini yake inasema nchi yote ya Mangungo wanapewa Wajerumani. Mkalimani anaongea kwa mdomo, mzee anaweka alama. Februari 1885 Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi na biashara ikawa imeisha. Nakala ya lugha ya Msovero ingetoka wapi? Halafu sisi tumekaa darasani tunamcheka, mpaka leo mkataba ukiwa wa hovyo tunaita wa Chifu Mangungo. Mi silitumii tena hilo jina hivo. Yule mzee hakujua kusoma ile lugha na hakuna aliyemsomea kwa haki. Sisi tuna Kiswahili tunachoelewana nchi nzima kuanzia Kilosa kwake mpaka Kigoma, 2021 Bunge letu la Tanzania likakifanya lugha ya sheria na mahakama, halafu fomu ya mkopo wa mama muuza samaki bado ni Kiingereza. Kwa faida ya nani?

Na msianze na umeenda Ulaya umetusahau. Kama ningekusahau nisingekesha usiku natafsiri karatasi za dogo huku kesho naamka saa kumi. Wala sisemi wazungu wana roho nzuri, hapa kuna watu wanafanyishwa kazi bila mkataba wowote mashambani kwenye nyanya, nimewaona. Nasema yule mama hanipendi wala hanichukii, kaiweka kalamu mapajani kwa sababu anajua nisipoelewa tutakuja kugombana. Hicho tu ndo nakitaka nyumbani.

Dogo kapata pikipiki nyingine wiki hii, jamaa mwingine. Nimemwambia asishike kalamu mpaka apewe ya Kiswahili, jamaa kagoma, kasema wenzake wote wamesaini hivohivo. Dogo ananiuliza afanyeje, ana watoto wawili. Karatasi kanitumia sasa hivi, nimefika ukurasa wa kwanza kifungu cha nne.