Setilaiti Inaona Wingu, Bududa Wanataka Kujua Mvua

Mwaka 1977 yalitokea mambo mawili ambayo watabiri wa hali ya hewa wa Uganda wanaishi nayo mpaka leo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na idara ya pamoja ya hali ya hewa iliyokuwa na makao yake Nairobi ikavunjika nayo. Kisha, tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, Ulaya ikarusha Meteosat-1, setilaiti yake ya kwanza ya hali ya hewa. Katika miaka ya Amin na ya vita vilivyofuata, vituo vya kupimia mvua vya Uganda vikadhoofika, huku picha za kutoka angani zikizidi kuwa bora. Kutoka hapo umezaliwa mjadala wa leo: turudi kujenga kilichobomoka ardhini, au angani panatosha?

Wanaosema angani panatosha wana hoja nzito, na inaonekana vizuri zaidi kwenye Ziwa Victoria. Ziwa hili lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, na katikati yake hakuna pa kusimika kipimamvua. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu ya radi hujengeka juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa na kunyanyuka. Ndiyo maana dhoruba kali za ziwa hupiga usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa mukene (dagaa) wako majini na taa zao. Kadirio linalorudiwa katika ripoti nyingi ni vifo 3,000 hadi 5,000 ziwani kwa mwaka katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Sehemu ya vifo hivyo inatokana na mitumbwi kujazwa kupita kiasi na watu kukosa maboya ya kuvaa, lakini dhoruba ina sehemu yake kubwa.

Meteosat za kizazi cha pili, kutoka kimo cha karibu kilomita 36,000, hupiga picha ya Afrika nzima kila baada ya dakika 15. Ile ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, imepunguza muda huo hadi dakika 10 na imebeba chombo kinachoona mimweko ya radi. Idara za hali ya hewa za Afrika hupokea data hizo bila malipo. Mitambo ya kuzipokea ilifungwa katika nchi nyingi za bara hili kupitia mradi wa PUMA mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uganda ikiwemo.

Thamani yake ilidhihirika katika utafiti wa Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake, uliochapishwa 2016 na 2017. Kwa kutumia vilele vya mawingu ya radi vilivyoonekana na setilaiti, walionyesha kwamba dhoruba za mchana kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa hutoa dalili ya dhoruba za usiku juu ya maji. Faida hapa ni muda. Onyo linaloweza kuandaliwa saa kumi jioni linamfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi. Onyo la saa saba usiku halimfai kitu, maana ameshafika mbali na mwalo.

Kwa ziwa, basi, nakubaliana na watu wa setilaiti bila shaka yoyote. Nakubaliana nao pia kuhusu Karamoja, ambako mradi wa serikali wa NUSAF 3 ulitumia kipimo cha kijani cha mimea kutoka angani kuamua lini ajira za dharura ziongezwe ukame unapoingia. Ukame hutambaa polepole na kuenea kwa upana, na vitu vipana vya polepole huonekana vizuri kutoka juu.

Mlima ni habari nyingine. Setilaiti ya aina ya Meteosat haioni mvua. Inapima joto la kilele cha wingu, na kilele kikiwa baridi sana inachukuliwa kwamba wingu ni refu na huenda linanyesha. Mahesabu hayo yanakwenda vizuri kwa mawingu makubwa ya radi. Kwenye miteremko ya Elgon na Rwenzori hewa yenye unyevu husukumwa juu ya mlima na kunyesha kutoka mawingu ambayo vilele vyake havina baridi kali. Setilaiti inaona wingu la kawaida, kumbe chini maji yanamwagika kwa saa nyingi. Kinyume chake pia hutokea: tandabui la wingu la juu lililobaki baada ya dhoruba lina baridi kali, linahesabiwa kuwa mvua, na ardhi iko kavu.

Setilaiti za mikrowevu, kama ile ya GPM ya Marekani na Japani iliyorushwa Februari 2014, hupenya wingu na kuona matone yenyewe. Lakini hizo huzunguka dunia na kupita juu ya mahali pamoja mara chache tu kwa siku. Ramani za mvua zinazounganisha setilaiti hizo zote ni za kila nusu saa, kwa miraba ya kama kilomita 10, na toleo la mapema kabisa hutoka karibu saa nne baada ya tukio. Mabonde ya Bududa, wilaya iliyo kwenye miteremko ya Elgon, ni membamba kuliko mraba huo, na katika saa nne mteremko unaweza kuwa umeshaporomoka.

Huko haya si mambo ya kubuni. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulifunika Nametsi, Bududa, na mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Oktoba 2018 Bududa ilipigwa tena, watu zaidi ya 40 wakafa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya nyingine ya Elgon. Anayelima mteremko ule anataka kujua ardhi imekunywa maji kiasi gani wiki hii na ni milimita ngapi zimenyesha tangu jana. Vipimamvua kadhaa vilivyosimikwa juu na kati ya mlima, vikisomwa kila siku na mkazi mwenye simu, hujibu swali hilo vizuri kuliko picha yoyote.

Watetezi wa setilaiti hujibu kwamba vipimamvua navyo vina matatizo yake. Ni kweli. Kituo cha kisasa huibiwa paneli ya jua, betri hufa, anayesoma hukosa posho na kuacha. Tena kipimamvua hupima pale kilipo tu, na mlimani mvua ya ng'ambo ya bonde ni nyingine kabisa. Sijasikia jibu kamili la hoja hiyo ya mwisho zaidi ya kuongeza idadi yake.

Ila wanasahau jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua. Setilaiti yenyewe inakula kwa mkono wa kipimamvua. Kumbukumbu za mvua zinazotegemewa na watafiti wa Afrika, kama CHIRPS inayoanzia 1981 na TAMSAT inayoanzia 1983, zimerekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Vipimo vikipungua, makadirio yanabaki bila cha kuyasahihisha, na kwenye ramani hutaona tofauti, rangi zitabaki zilezile. Hata fumbo kubwa la hali ya hewa ya ukanda huu linakwama hapo: modeli za kompyuta za tabianchi zilitabiri masika yenye mvua nyingi zaidi, wakati vipimo vilionyesha masika yakipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Mtafiti wa Makerere hawezi kupima modeli hizo kwa picha ambazo nazo zinahitaji kupimwa.

Hofu kwamba tunategemea macho ya Ulaya naiona nyepesi zaidi. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1 ya Novemba 2022, ilikuwa kisanduku kidogo cha kufundishia wahandisi, na hilo ni jambo jema, lakini haikuundwa kulinda ziwa usiku kucha. Fedha za kushindana angani zingesaidia zaidi kwa kushirikiana na majirani: rada ya Mwanza, kwa mfano, huona dhoruba ambazo mpaka hauzizuii.

Na tahadhari za ziwa zitolewe pia kwa Kiswahili. Utabiri wa misimu Uganda hutafsiriwa kwa lugha nyingi za wenyeji, na uendelee hivyo. Lakini kwenye mialo ya Kalangala, Buvuma na Namayingo Mganda, Msoga, Mluo na Msamia huvua pamoja, na Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Ujumbe mmoja mfupi, wenye saa na upande wa ziwa utakaopigwa, ungeeleweka mpaka Musoma na Kisumu.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi ni huu: ziwani, fedha ziende kwa watabiri wa zamu ya usiku na kwa njia za kumfikishia mvuvi onyo, kwa kuwa picha tayari tunazo. Elgon na Rwenzori, vipimamvua kwanza na posho ya wanaovisoma. Na kila mwisho wa msimu ichapishwe orodha ya tahadhari zilizotolewa, zilizotimia, na dhoruba au maporomoko yaliyotokea bila onyo, ili pande zote mbili za mjadala huu zibishane kwa takwimu za Uganda.