Kabla ya grafini, kuna shaba

Bibi yangu alikuwa na sinia la shaba. Idi ikikaribia, lilitolewa uani likasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka weusi wote ukatoka, wekundu wake ukaonekana. Kila nikisoma jinsi grafini inavyooteshwa juu ya shaba, nalikumbuka sinia lile, maana naamini nusu ya kazi iko kwenye kusugua.

Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliubandua kutoka kwenye grafaiti, ile kaboni ya risasi ya penseli, kwa selotepu, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Nobel. Lakini selotepu hutoa vipande vidogo mno. Ukitaka utando mpana, unaweka karatasi nyembamba ya shaba kwenye tanuri la nyuzi joto karibu 1000 na kupitisha gesi ya methani. Gesi huvunjika, kaboni ikatua na kujipanga. Haizami ndani ya shaba kama inavyozama kwenye nikeli, kwa hiyo uso ukishafunikwa, tabaka la pili halipati nafasi kirahisi.

Tabu ni lile joto. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, hivyo hapo iko ukingoni. Ikipoa husinyaa, grafini haisinyai nayo, na utando hujaa makunyanzi.

Plazima, yaani gesi iliyotiwa nishati ya umeme hadi atomu zake zikapoteza elektroni, husifiwa kwa sababu huvunja gesi bila joto kali kiasi hicho. Ni kweli. Mimi naipenda zaidi kwa usafi wake. Shaba ikikaa hewani hushika oksidi, yaani utando wa shaba iliyoungana na oksijeni, na kaboni haijipangi vizuri juu ya uchafu. Plazima ya hidrojeni huiondoa oksidi humo humo chomboni, bila mkono kugusa.

David Boyd, mtafiti wa Caltech (Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani), aliligundua hili kwa bahati. Alikuwa akijaribu njia ya tanuri na kushindwa, hadi siku moja simu ikamshughulisha, shaba ikakaa kwenye joto muda mrefu kuliko kawaida kabla methani haijaingia. Grafini ikaota. Akatambua kuwa siri ni uso usio na oksidi, akakumbuka kuwa mwanafizikia Robert Millikan naye, karne moja nyuma, alihangaika kuiondoa oksidi ya shaba katika majaribio yake. Mwaka 2015 yeye na wenzake, akiwemo Nai-Chang Yeh, walitangaza grafini iliyooteshwa kwa plazima kwenye nyuzi takriban 420, kwa dakika chache tu.

Plazima nayo ina ukali wake: ayoni, yaani chembe zake zenye chaji, zikipiga kwa nguvu mno, hutoboa utando ule ule unaoota. Ndiyo maana nikipata andiko jipya la grafini siangalii kwanza upana wa utando. Natafuta pale wanapoeleza shaba ilisafishwaje. Mara nyingi nakuta sentensi moja tu, kana kwamba sinia lilitoka kabatini likiwa tayari linang'aa.